Malalamiko Dhidi ya Maharage Yaliyoninyima Magugu

El Recodo ya Juu,
Milimani, Honduras.
Desemba, siku chache kabla ya Sikukuu ya Bikira Mkingiwa Dhambi ya Asili.

Kwa Mheshimiwa Nolberto Zúniga Paz,
Mwenyekiti wa Kamati ya Kitongoji.

Mheshimiwa Mwenyekiti, na mwanangu wa ubatizo,

YAH: OMBI LA KUPIGA MARUFUKU MAHARAGE YA MBOLEA, NA MIMI KURUDISHIWA MAGUGU YANGU

Kwa heshima na taadhima, mimi Casimiro Erazo Licona, mkulima, mgane, mwenye akili timamu licha ya uvumi unaoenezwa pale kisimani, naleta mbele ya kamati yako malalamiko yafuatayo. Ningeyaleta kwa mdomo, lakini safari iliyopita ulinisikiliza huku umeuma midomo, na nilipotoka tu mlangoni nikasikia kamati nzima imeangua kicheko. Maandishi hayachekwi kirahisi. Ukumbuke pia kwamba mimi ndiye niliyekubeba siku ya maji ya ubatizo, ukanikojolea shati jipya mbele ya padri, na sikumwandikia mtu barua. Leo naandika.

Mshtakiwa ni maharage ya mbolea. Unayajua: yanatambaa, yana majani mapana na mbegu nyeusi zinazong'aa, ni ndugu wa damu wa upupu, ila yenyewe yamezaliwa bila muwasho, na ndiyo maana watu wakayaamini. Tunayapanda katikati ya mahindi kwa fimbo ya ncha, mbegu mbili kila shimo. Mahindi yakishavunwa, maharage hubaki yakifunika shamba zima. Ikifika Desemba unayafyeka, unayaacha yaoze pale pale, na unapanda mahindi mengine juu yake. Hakuna kuchoma moto, hakuna kubeba gunia la mbolea mgongoni kupanda mlima. Ukisikia hivyo utadhani ni baraka, na hata mimi nilidhani hivyo.

Aliyeyaleta El Recodo ya Juu ni Doña Telma Paz, ambaye kwa bahati mbaya ya shauri hili ni mama yako mzazi. Najua mama ni mama. Naomba kamati isimame kwenye haki, na wewe usimame pembeni kidogo.

LALAMIKO LA KWANZA: Yameua magugu yangu bila kuniuliza.

Shamba langu lilikuwa na magugu ya kuheshimika, na kila mpita njia ni shahidi. Nilikuwa na ndago. Baba yangu alizikuta hapa, na babu yangu alikufa akizitukana. Nilikuwa na kishona-nguo, kile kilichonisindikiza kanisani siku ya harusi yangu kikiwa kimejishona kwenye suruali toka kiunoni hadi kwenye viatu. Chabela, Mungu amrehemu, alikichomoa kimoja kimoja huku tumepiga magoti madhabahuni, na padri akadhani ananifinya. Nilikuwa na kifaurongo, ambacho ukikigusa kinajifanya kimekufa mpaka ugeuke uende zako. Kuna wanakitongoji kadhaa wenye tabia hiyo, hasa siku ya kutengeneza barabara, lakini leo sitaji majina.

Yote yamekwisha. Maharage yameyafunika, yameyanyima jua, yameyanyonga. Nimezunguka shamba lote kwa magoti, Mheshimiwa, nikaambulia ndago moja tu, imejificha nyuma ya jiwe, imepauka kama mtu aliyetoka hospitali. Nimeizungushia ua wa fito, na asubuhi naipelekea maji.

LALAMIKO LA PILI: Magugu yakifa, watu hawaji.

Hapa ndipo penye donda. Desturi ya mkono wa kurudi unaijua, lakini naiandika ili katibu wako asije akasema hakuelezwa: leo mkono wako shambani kwangu, kesho mkono wangu shambani kwako, na kila nyumba ina siku yake. Siku yangu ni kesho yake ya Bikira Mkingiwa. Aliiweka baba yangu, na mlima mzima huanza kufyeka kwa ajili ya mahindi ya pili kutokea kwangu. Watu huja alfajiri, panga mkono wa kulia, upembo mkono wa kushoto, wanasimama mstari mmoja kutoka mtaro hadi mtaro. Upembo unavuta magugu, panga linakata shinani, na midomo haipumziki. Uongo unaosemwa kwenye mstari ule kwa asubuhi moja unatutosha mwaka. Mchana wote wanashuka kwangu kunywa supu.

Tangu Chabela aondoke, hiyo ndiyo siku pekee vikombe vyote vya nyumba hii vinashuka kutoka rafuni. Siku nyingine kinashuka kimoja.

Sasa sikiliza. Jumapili iliyopita, nje ya kanisa, mbele ya watu, mama yako, ambaye tangu ubatizo wako tunaitana kompadre na komadre, aliniuliza hivi, nami nanukuu:

"Kompadre, mwaka huu tuje kwako kufyeka nini? Hewa?"

Nikamjibu kwa upole kwamba magugu ninayo.

"Unalo gugu moja, tumesikia. Tumesikia umelijengea na ua. Umelibatiza, au unasubiri padri apande mlima?"

"Komadre, shamba langu halijawahi kukosa kazi."

"Kazi gani, mzee! Maharage yale yanakatika kama tortilla ya mahindi ya moto. Wewe na panga lako mtamaliza kahawa haijapoa. Pumzika, kompadre. Pumzika!"

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Mgongo wako. Ukiinama nausikia mpaka jikoni kwangu."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, kwa sababu ilichekesha. Lakini nilipofika nyumbani sikucheka tena. Naomba neno "pumzika" liingizwe kwenye kumbukumbu za kamati kama ushahidi. Mtu akishaambiwa pumzika mara mbili, ya tatu huwa anaisema padri, na anayeambiwa haisikii.

LALAMIKO LA TATU: Yananifanyia kazi na hayataki kurudishiwa mkono.

Mheshimiwa, mimi si mtu wa kula jasho la mwingine. Maharage haya yamepalilia shamba langu tangu mvua za mwanzo, bila kulala, bila Jumapili, bila hata kuomba maji ya kunywa. Kwa desturi yetu nawiwa. Nilikwenda shambani nikavua kofia nikayauliza kiungwana: shamba lenu liko wapi, nije nirudishe mkono? Kimya. Nikauliza tena. Mtu anayekufanyia kazi na kukataa umfanyie yake huyo hakusaidii, anakudharau, na mimi sijawahi kudharauliwa na kunde ya aina yoyote.

Nikasema basi, kama hayataki mkono, angalau yale. Mchana nikayapelekea supu ya kuku, bakuli zima, nikamwaga kwenye mashina. Mama yako alikuwa ng'ambo ya ua.

"Hiyo supu ungeniletea mimi, kompadre," akasema. "Mimi ningekushukuru kwa mdomo."

Nikaendelea kumwaga, kwa sababu nilikuwa kazini. Lakini kesho yake pale nilipomwaga supu palikuwa na majani mapana kama sahani, na yote yameelekea jikoni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wangu alikuja na jembe lake mwenyewe, na siku ya tatu akaniambia mimi niketi.

LALAMIKO LA NNE: Panga langu linaota kutu.

Upembo wangu, ule wa mpera aliouchonga baba, kuku ameugeuza kitanda. Sina la kuongeza hapa. Naumia.

LALAMIKO LA TANO: Uvamizi wa makazi.

Naomba kamati isome lalamiko hili ikiwa imeketi.

Siku ile tulipopanda, kibuyu cha mbegu cha mama yako kilibaki na mbegu za kujaza viganja viwili. Kila mtu wa mlima huu anajua kwamba kibuyu cha mbegu hakirudishwi na kitu ndani. Ni sawa na kumwambia mwenyewe kwamba mbegu zake ni mbaya. Na kutupa mbegu ni dhambi ambayo hata padri haulizi sababu. Kwa hiyo nilifanya ambalo mtu yeyote mwenye malezi angefanya. Nilizipanda kuzunguka nyumba, ukutani kabisa, mbili kila shimo, kisha nikazunguka choo, kisha nikamalizia kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Kibuyu kikarudi kitupu, na heshima ikabaki kwangu.

Yakaota. Yakapanda ukuta. Yakashika choo, na wiki iliyopita niliingia kwa mlango nikalazimika kutokea kwa juu. Yakashika suruali yangu ya kazi kambani, yakaingia mguu mmoja yakatokea mwingine, na sasa suruali ile inatembea kuliko mimi. Yakashika waya wa redio. Redio yangu siku hizi inashika kituo kimoja tu, cha mahubiri ya Walokole, na mimi ni Mkatoliki. Punda wangu Sajini, ambaye hulala amesimama, aliamka amefungwa miguu yote minne pamoja na mkia. Nilipomfungua akanipiga teke. Asante ya punda tunaijua, lakini nilitegemea safari hii angempiga mhusika.

Kamati itauliza: Don Casimiro, panga unalo, kwa nini usiyakate?

Nashukuru kwa swali hilo. Siyakati kwa sababu siku yangu haijafika, na siku yangu ni siku ya mstari. Tangu baba yangu, hakuna aliyefyeka shamba hili peke yake. Anayefyeka peke yake kwenye mlima huu ama ni mchoyo wa supu, ama amegombana na watu wote. Mimi si mchoyo, wala sijagombana na mtu. Nikinyanyua panga peke yangu leo, nitakuwa nimekubali kwa mkono wangu mwenyewe kwamba siku yangu imekufa. Sinyanyui. Yakitaka kupanda, yapande.

(Samahani, Mheshimiwa, kwa hiyo alama ya kijani pembeni ya ukurasa. Kuna kitawi kimeingia dirishani kikashika kalamu upande wa pili, tukavutana kidogo. Nimeshinda.)

LALAMIKO LA TANO NA NUSU: Kuna giza.

Hili limetokea katikati ya kuandika, kwa hiyo nimelipa nusu. Jana niliiacha barua hii mezani kwenye mwanga mzuri. Leo, mchana kweupe, nimewasha kibatari. Dirisha limekuwa jani tupu. Mlango unafunguka kiasi cha kuku kupita, na kuku anapita akinitazama kwa huruma. Naandika hivi nikiwa mtulivu kabisa.

LALAMIKO LA SITA: Yamehujumu jitihada zangu za kujitegemea.

Nisidhaniwe kwamba nimekaa tu nikilalamika. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama, pamoja na mgongo huo unaosikika mpaka kwa watu.

Kabla mlango haujaziba, nilitoa sandukuni suruali yangu ya harusi, ile nzito ya sufu, nikaivaa na jua lote hili, nikavuka kwenda bonde la pili ambako bado wanachoma mashamba na magugu yao yananawiri. Nikaingia kwenye shamba la mtu nikatembea. Nikaenda, nikarudi, nikageuka, nikapita tena palipokuwa na kishona-nguo kingi. Mwenye shamba akanitazama kwa muda mrefu sana.

"Mzee, umepoteza kitu?"

"Sijapoteza, bwana. Naokota."

"Unaokota nini?"

"Magugu yako. Kwetu yamekwisha."

Yule bwana akavua kofia yake akajikuna kichwa. "Basi zunguka na kule nyuma," akasema, "kule ndiko yaliko mazuri." Mtu muungwana sana. Aliniombea heri, na mkewe akanipa maji, akamwambia mumewe kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Maskini, hana watu huyu?"

Nilirudi nyumbani nimejaa mbegu toka kwenye vifundo mpaka kiunoni. Nikazichomoa moja moja. Nikachukua fimbo ya ncha nikazipanda kwa mstari ulionyooka, mbili kila shimo, nikafukia kwa kidole cha mguu kama alivyonifundisha baba. Tangu nianze kulima sijawahi kupanda kitu kwa uangalifu namna ile. Nikamwomba Mtakatifu Isidori, msimamizi wa wakulima, azijalie.

Hakikuota hata kimoja. Yaani vilichungulia vichache, na maharage yakavifunika kabla sijavisalimia. Nimekuwa mkulima maisha yangu yote, nimeshindwa na ukame, nimeshindwa na kimbunga, nimeshindwa na bei ya mahindi. Kushindwa kuotesha magugu ni aibu mpya, na sina umri wa kuizoea.

MAOMBI

Kwa hayo yote, naiomba kamati yako tukufu ifanye haya.

Kwanza, maharage ya mbolea yapigwe marufuku kwenye mlima huu, au yapewe siku ya mapumziko kama viumbe wengine.

Pili, kila nyumba ilazimishwe kutunza kipande cha magugu ya urithi, na atakayekutwa na shamba safi aeleze mbele ya mkutano alikuwa anafikiria nini.

Tatu, kamati igawe mbegu za ndago kwa wasiojiweza, wagane tukitangulizwa.

Nne, kwenye maonyesho ya sikukuu, palipo na zawadi ya jogoo mkubwa na boga kubwa, iwepo zawadi ya gugu sugu. Ndago yangu iliyo ndani ya ua iko tayari kushindana.

Tano, na hili nimelifikiria zaidi ya mengine: kama yote hayo hayawezekani, basi kamati iwaagize watu waje siku ile ile kama kawaida. Waje na mapanga na pembo zao, wasimame mstari kutoka mtaro hadi mtaro. Si lazima wafyeke kitu. Tutafyeka hewa, kama alivyosema mama yako. Waseme uongo wao. Supu nitapika mimi, na nitaweka ndimu nyingi.

Nikitumaini ombi langu litapokelewa kwa uzito wake, nakutakia kazi njema. Msalimie mkeo Yadira, na watoto, hata yule aliyenipigia kuku wangu kwa manati. Wasalimie wajumbe wote wa kamati, waliocheka na waliojizuia. Msalimie fundi wa daraja, na mwenye kinu, na jogoo wake asiyejua saa. Msalimie mama yako pia. Mwambie shauri hili halina chuki, na kwamba ule mchuzi wa maboga aliouleta ulikuwa na chumvi ya kutosha.

Ni mimi baba yako wa ubatizo, mtiifu kwa kamati na mkaidi kwa maharage,

Casimiro Erazo Licona

TANBIHI (imeandikwa jioni ya siku yangu)

Mwanangu, barua hii haikuondoka. Mlango ulikataa.

Leo niliamka gizani kama niliyefunikwa na chungu. Nikavaa shati la siku yangu, kwa ukaidi tu. Nikawasha jiko, na nikashusha vikombe vyote rafuni, pia kwa ukaidi, nikavipanga mezani nikaketi navyo. Nilijiona mpumbavu. Nilikuwa nawaza nivirudishe ndipo nikasikia panga. Sauti ya panga kwenye majani mabichi naijua kuliko ya kengele. Kisha la pili, kisha mengi, na juu yake sauti moja isiyohitaji kengele:

"Kompadre! Uko hai, au umeshakuwa mbolea?"

"Niko hai!" nikapiga kelele. "Kata upande wa kushoto! Kulia kuna kuku!"

"Usinifundishe kukata! Wewe shikilia nyumba yako isikimbie!"

Majani yakapasuka, mwanga ukaingia, na katikati ya mwanga uso wa mama yako umejaa utomvu. Nyuma yake mstari, Nolberto, mstari wote, kutoka mlangoni kwangu hadi barabarani, kila mtu na panga na upembo wake. Walisema waliipoteza nyumba kabisa wakaipata kwa kumfuata Sajini anavyolia. Walitufungua wote, mimi, punda, choo, suruali. Kisha tukaingia shambani. Waliniweka katikati ya mstari, mahali pa baba yangu, na mgongo wangu ukalia watu wote wakausikia, na hakuna hata mmoja aliyesema pumzika. Maharage yanakatika vizuri sana, lazima niseme. Tulimaliza mapema, tukatoboa kwa fimbo tukapanda mahindi juu ya majani yaliyolala, na udongo chini yake ni mweusi na laini, una minyoo minene. Sijapata kuuona hivyo kwenye shamba hili.

Mchana, watu wameketi, nikaona nifaidi ushindi wangu. Nikasimama nikasema: mnaona? Hata maharage yanahitaji watu. Kama yasingeimeza nyumba hii, msingekuja.

Mama yako akainuka. Akafunua sufuria.

Zilikuwa tamale. Tamale za watu wote, zimefungwa kwenye majani ya mgomba na kukazwa kwa kamba. Wewe umekulia jikoni kwake, unajua. Mahindi hulowekwa, husagwa, nyama hupikwa, kila moja hufungwa kwa mkono, kisha zinachemka usiku kucha. Mtu aliyeona leo asubuhi kwamba nyumba ya jirani imemezwa hafiki na tamale.

"Komadre," nikamwuliza, "hizi ulianza lini?"

"Juzi."

"Na kwamba nyumba imepotea mmejua lini?"

"Leo, tulipofika kwenye kona. Kwani ulidhani miaka yote hii tunapanda mlima huu kufuata ndago zako?"

"Lakini ulisema hamji! Ulisema mje kufyeka nini!"

"Niliuliza, kompadre. Hukunijibu. Ulikwenda kununa."

Kisha akaiona barua hii mezani, akaichukua, akaisoma yote kwa sauti. Lalamiko la tano lilirudiwa kwa maombi ya hadhira. Kwenye lalamiko la sita kuna mtu alianguka kutoka kwenye benchi. Alipofika ombi la tano akasoma mpaka kwenye ndimu, akaikunja barua akasema moshi wa jiko unamwumiza macho. Jiko lilikuwa limezimika zamani.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, nafuta malalamiko yote, pamoja na nusu. Ile ndago yangu mama yako ameikata, anasema kwa bahati mbaya, na sitaki uchunguzi. Maombi ninayo mawili tu mapya.

La kwanza ni mbegu zaidi. Kibuyu cha maharage alichokuja nacho mama yako kilibaki nazo kidogo leo, nami tayari nimezipanda kuzunguka nyumba, mbili kila shimo, nikazidisha pale mlangoni.

La pili linakuhusu wewe. Watu wote walikuja ila wewe, ulikuwa mjini kwenye mkutano wako. Desturi unaijua: mkono wako haujafika hapa. Njoo siku utakayopata nafasi, usisubiri magugu. Huenda mlango usiuone. Ukifika kwenye kona piga kelele tu, mwanangu. Nipo ndani, na kikombe chako sijakirudisha rafuni.